Maswali na majibu: kota, kiinua mgongo na karatasi

Babu alipewa na reli nyumba, matibabu na safari za bure. Waajiri wa leo utu umekwenda wapi? (Msomaji, Tabora)

Barua hii naipata kila mwezi, hubadilika jina la shirika tu. Mimi nimekulia kota za reli, utamu wake naujua. Balbu ikiungua unakwenda ofisini, fundi anatumwa. Likizo ikifika, waranti, yaani hati ya safari ya bure, ya familia nzima hadi Kigoma, kuku kwenye tenga. Lakini usiuite utu. Reli ilitaka fundi alale pale anaposikia king'ora cha karakana, behewa likianguka usiku wa manane aamshwe. Na baba akiachishwa kazi, nyinyi nyote mnatoka na magodoro. Vilevile si kila kitu kilitolewa kwa hiari: mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam Septemba 1947 uliifuata reli kwenda bara. Babu yako muulize alidai nini, si alipewa nini tu.

Napunguzwa kazi baada ya miaka 14. Kiinua mgongo ni cha miaka yote?

Hapana. Kwa sheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakomea miaka 10. Zaidi ya hapo ni makubaliano yenu. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii ni kitu kingine kabisa. Nimechoka kuandika hili.

Niliachishwa kazi mwaka jana kwa uonevu. Niende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)?

Ulikuwa na siku 30 tangu kuachishwa. Unaweza kuomba uongezewe muda, lakini uwe na sababu ya maana. "Bosi aliniambia nisubiri" haitoshi.

Wazee waliofanya kazi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani walikuwa wakidai nini miaka yote ile?

Malipo ya miaka yao ya kazi. Reli na bandari za nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliunganishwa 1948, baadaye zikawa za Jumuiya. Jumuiya ilipovunjika 1977, mtu alilala mwajiriwa wa Jumuiya akaamka wa shirika la nchi yake, stesheni ileile, kiti kilekile. Ya nyuma alipe nani? Mali na madeni viligawanywa kwa mkataba wa 1984. Hapa Tanzania ikafika 2005 ndipo serikali ikakubaliana nao mahakamani kulipa shilingi bilioni 117, wengi wakiwa makaburini, na waliobaki wakaendelea kulalamika kwamba wamepunjwa. Mwaka 2007 reli ikapewa mbia kutoka India, hisa asilimia 51. Kufikia 2011 imerudi serikalini. Hesabu mwenyewe fundi mmoja amebadilishiwa waajiri wangapi bila kuhama benchi lake.

Kampuni yetu inasema sisi ni familia. Niamini?

Familia gani ina miezi ya majaribio? Soma mkataba.

Cheti cha utumishi ni hisani ya mwajiri?

Ni lazima akupe ajira ikiisha. Kidai kabla hujarudisha funguo.