Mstari wa Kumi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, nimekaa nao siku mbili. Umeuliza kwa nini kwenye sala ya jioni, tukisoma Zaburi ya 136, nilikuwa naitikia mistari yote ila wa 10. Sikujua kama uliliona hilo. Wewe ulikuwa unasinzia magotini kwa dada yako, na ukiamshwa kazi yako ni kukimbilia "milele" kabla ya wenzako.

Zaburi yenyewe unaijua. Msomaji anataja tendo, wengine wanaitikia, "Kwa maana fadhili zake ni za milele", mara 26. Mbingu, jua, mwezi na nyota, hapo hakuna shida. Halafu unafika wa 10: aliyewapiga Wamisri wazaliwa wao wa kwanza. Na huo nao uitikiwe vilevile.

Kabla yenu nilikuwa na kifungua mimba. Mnajua alikuwepo, mengi hamyajui. Surua ilimchukua akiwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Alama za vidole vyake vya masizi zilibaki chini kabisa, karibu na mlango wa jiko. Baba yako alipopaka chokaa, pale alipapita bila kusema kitu. Sasa mimi nisomewe habari za akina mama wa Misri, niitikie nini?

Marehemu baba yako hakunisema. Ila mstari ule alikuwa anausoma na kuuitikia mwenyewe, tena kwa sauti kubwa, mpaka nikadhani ananikomoa. Ilipita miaka ndipo nikamwuliza. Akasema, "Naitikia na ya kwako." Akaendelea kunoa panga.

Mchungaji mmoja alitufundisha kwamba neno la Kiebrania pale ni hesed, wema wa aliyefunga agano na asiliache. Nililipenda, maana fadhili zetu sisi zina masimango: ukipewa debe la mahindi leo, mwakani unazikuta habari zake kisimani. Si wote, lakini. Wiki zile za msiba wa mtoto sikuwasha moto, na kila asubuhi nilikuta mlangoni sufuria ya uji imefunikwa kwa sahani. Mpaka leo hakuna aliyejitokeza kusema ni yeye. Ndiyo maana wa 25, ule wa kuwapa chakula wote wenye mwili, nauitikia kwa nguvu hivyo.

Kilichonituliza zaidi ni Ezra sura ya 3. Watu wamerudi kutoka Babeli, wanaweka msingi wa hekalu, wanaimba maneno haya haya ya fadhili. Wazee walioiona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti, hata watu wasiweze kupambanua kelele za furaha na za kilio. Hakuna aliyewatoa nje. Nikasema, basi hata mimi nina pa kukaa.

Wa 10 siuitikii hata leo, na sioni haya kukuambia.

Umesema siku hizi mjukuu wangu ndiye anayesoma. Mwache asome yote 26, usimrukishe. Nikija Desemba nitakuja na Biblia ya baba yako, ile yenye doa la mafuta ya taa kwenye ukurasa huo. Nitakaa karibu yako. Ukifika wa 10, itikia na ya kwangu.

Mama yako