Boti haiondoki, inarukaruka, inavuta upande: majibu ya maswali yenu kuhusu boti ndogo

Maswali ya safari hii karibu yote yana kilio kimoja, boti ni nzito kuondoka au haishikiki, na wengi mmeshaamua kabisa dawa ni mashine kubwa zaidi. Naombeni msubiri kidogo kabla ya kutoa hela, someni kwanza.

Fundi, nina boti ya fiber futi 14 na mashine ya nguvu za farasi 25. Nikiwa peke yangu inaenda poa tu, nikipakia watu watatu pua inanyanyuka mpaka sioni mbele na inachukua muda kweli kukaa sawa. Ninunue 40?

Hapana kaka, kwanza kaangalie lile bati dogo lililopigwa riveti ndani ya boti, limeandikwa nguvu ya mwisho ya mashine na uzito wa mwisho, ukizidisha hapo kibao cha nyuma kinaanza kuchanika taratibu na wewe huoni. Halafu hebu hesabu vitu vilivyoko tezi, yaani nyuma ya boti, sasa hivi: mashine yenyewe kilo hamsini na kitu au zaidi, betri, tangi, na wewe mwenyewe umekaa hapohapo umeshika mkono wa mashine. Petroli lita 25 ni karibu kilo 19, hapo bado tangi lenyewe. Yaani nyuma kuna mzigo wa watu wawili wazima kabla abiria hajaingia, halafu abiria nao wanakuja kukaa karibu na wewe wapige stori!

Sogeza tangi mbele kwa mpira mrefu wa mafuta, betri nayo mbele kwa waya mnene (waya mwembamba ukiurefusha unakula umeme, starta itakusumbua), abiria mmoja mkalishe karibu na omo, yaani mbele puani, wakati wa kuondoka. Hii haina gharama kubwa na mara nyingi ndo inamaliza nusu ya tatizo. Na kitu kingine, pandisha boti nchi kavu uichunguze chini, kukiwa na mwani na vigamba vimeshika basi hapo unaburuta breki. Kama ni boti ya zamani yenye foamu chini ya sakafu, gonga sakafu usikilize na ikiwezekana toboa tundu dogo uone, foamu ikishanyonya maji haikauki yenyewe na kila lita ya maji ni kilo 1 unayoibeba bure kila siku.

Ukishafanya hayo ndo tunakuja kwenye propela, na hapa niruhusu niongee kirefu maana swali la pili ni hilohilo.

Propela yangu imeandikwa 9 7/8 x 12. Hizo namba maana yake nini na nikibadilisha napata nini?

Namba ya kwanza ni upana wa duara linalochorwa na mapanga, kwa inchi. Ya pili ni pichi, na pichi ndo roho ya mambo yote. Fikiria skrubu inaingia kwenye mbao: propela ya pichi 12 ikizunguka mara moja ingetakiwa isogee mbele inchi 12, ila maji siyo mbao, yanateleza, kwa hiyo kiukweli inasogea pungufu. Pichi kubwa ni kama kuondoka na gia ya tatu kwenye gari, ikishachanganya inakimbia lakini kuondoka ni shida. Pichi ndogo ni gia ya kwanza, inang'oa mzigo fasta ila spidi ya mwisho inapungua kidogo.

Sasa utajuaje yako ni kubwa au ndogo? Usikisie kwa masikio. Kwenye kitabu cha mashine yako kuna mizunguko inayotakiwa ukivuta resi mpaka mwisho, mashine nyingi za sasa ni kati ya 5000 na 6000 kwa dakika lakini soma ya kwako usichukue ya jirani. Halafu tafuta ile mita ndogo ya mizunguko ambayo waya wake unazungushiwa tu kwenye waya wa plagi. Pakia mzigo wako wa kila siku, nenda sehemu ya wazi yenye maji tulivu, vuta resi yote, soma. Tuseme imesoma 4700 na kitabu kinasema 5000 mpaka 6000, basi mashine inabanwa. Kila inchi moja ya pichi unayoshusha inaongeza mizunguko kama 150 mpaka 200, kwa hiyo ukienda pichi 10 unafika 5000 na ushee hapo. Kisha lazima urudie ukiwa peke yako, isije ikapita 6000 bila mzigo, ikipita hiyo punguza resi kila ukiwa mtupu au rudi kwenye pichi 11.

Na naomba hili mlichukulie kwa uzito, mashine inayobanwa siku zote inakufa mapema, joto linapanda, kaboni inajaa, kwa sababu tu mtu alitaka spidi ya mwisho ambayo anaitumia mara moja kwa mwezi. Chagua propela kwa mzigo unaobeba kila siku. Ya mapanga manne inashika maji vizuri zaidi na boti inakaa juu ya maji hata ukipunguza mwendo, unaacha spidi kidogo kule mwisho, kwa boti ya kubeba watu mimi naiona sawa kabisa.

Boti inarukaruka kama pomboo nikifika spidi fulani, mtoto anaogopa kupanda.

Pole dada. Mashine imeinuliwa sana kwa nje. Kwenye mashine ndogo kuna pini ya chuma nyuma pale imepita kwenye matundu, izime mashine, isogeze tundu moja kuelekea kwenye boti, ujaribu tena. Pua ikizama sana na usukani ukawa mzito ujue umezidisha, rudi moja. Ikigoma kwenye matundu yote, na mzigo umeshausogeza mbele, chukua rula ndefu iliyonyooka ulaze chini ya boti mita moja na nusu ya nyuma, kati na pembeni. Panatakiwa pawe pamenyooka. Pakiwa pamevimba kwa nje boti itaruka tu, pakiwa pameingia ndani inakuwa na kawaida ya kuchimba na pua, na hilo mara nyingi linaletwa na trela yenye mbao fupi zisizofika mpaka mwisho wa boti.

Nikikata kona mashine inapiga kelele halafu boti inapoteza nguvu.

Propela inanyonya hewa. Kuna kile kibati kipana juu ya propela, kazi yake ni kuizuia hiyo hewa isishuke, na kinatakiwa kiwe usawa wa chini ya boti au juu yake sentimita 2 hivi. Ukiwa juu zaidi ya hapo kona zote zitakusumbua, shusha mashine. Ukiwa chini sana unaburuta chuma ndani ya maji na yanakurukia. Pima pia urefu wa mguu, mguu mfupi ni wa kibao cha inchi 15 (sentimita 38), mrefu ni wa inchi 20 (sentimita 51), nimeshaona watu wamechanganya na wanahangaika na propela miaka.

Mashine inalia sana lakini boti haiendi, hata nikienda moja kwa moja.

Hii iliwahi kunitesa wiki mbili, nilisafisha kabureta, nikabadilisha plagi, kumbe mpira wa ndani ya propela ulikuwa umeachia. Chora mstari mmoja kwa rangi au msumari kuanzia kwenye kitovu cha ndani kuvuka hadi kwenye kitovu cha nje, nenda ukaipige resi, rudi uangalie. Mimi mistari ilikuwa imeachana kama vidole viwili, nikabaki naiangalia tu. Ikiachana, propela inataka mpira mpya.

Haidrofoili, yale mabawa ya kufunga kwenye kibati cha juu ya propela, zinasaidia?

Kwa mashine yenye nguvu ndogo ndiyo, zinainua tezi na boti inapanda mapema. Zinakula spidi ya mwisho na nyingi unatoboa kibati. Fanya hayo mengine yote kwanza.

Usukani unavuta kulia muda wote, mkono unauma.

Chini ya kibati, nyuma ya propela, kuna kipezi kidogo chenye boliti moja. Kilegeze, ncha ya nyuma isogeze kulia kidogo, yaani upande uleule unaovutwa, kaza, jaribu. Usikipake rangi, mara nyingi ndo kinacholinda mashine isiliwe na chumvi.

Nikibadilisha nitajuaje kweli imekuwa bora?

Hesabu sekunde kutoka kusimama mpaka boti ikae juu ya maji, mzigo uleule, mafuta yaleyale, mara moja ukienda na upepo na mara moja ukirudi, andika zote mbili. Badilisha kitu kimoja kwa siku. Ile kamba ya kuzimia mashine ifunge kwenye mguu au mkono kabla hujavuta resi, na kila aliyemo avae boya, maana kwenye majaribio haya ndo watu wanarushwa nje ya boti na propela bado inazunguka.