Maswali na Majibu: Kipi Kipandwe Pamoja na Stroberi

Tangu tulipozungumzia uandaaji wa tuta la stroberi, maswali mengi niliyoletewa yanahusu mimea ya kuchanganya nayo. Wengi wenu mmeambatanisha jedwali lile lile la "mimea inayopendana", lililotungwa kwa ajili ya bustani za Ulaya, ambako ardhi hulala chini ya theluji na wadudu wengi hufa au kujificha. Kwetu hakuna mapumziko hayo. Mimea inayokaa tuta moja hugombea maji, mwanga na mbolea, na huambukizana magonjwa. Hayo ndiyo ya kupima kabla ya kufungua jedwali lolote.

Nina tuta la stroberi Limuru, na nafasi kati ya mistari ni kubwa. Je, naweza kupanda nyanya humo?

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado linarudi, safari nyingine likiwa limebadilishwa nyanya kuwa pilipili hoho au biringanya, kana kwamba jibu nalo litabadilika. Nyanya, viazi mviringo, pilipili na biringanya ni jamii moja, na zote hushambuliwa na kuvu wa udongoni aitwaye Verticillium, ambaye huinyausha stroberi vilevile. Kuvu huyu hustawi kwenye udongo wenye ubaridi wa wastani, yaani udongo wa Limuru, Lushoto na Njombe ambako stroberi inapendeza, na vijidonge vyake vyeusi visivyoonekana kwa macho vinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 vikisubiri mzizi. Ukitaka kumtambua, inama uangalie mche wenyewe: majani ya nje hulegea na kukauka yakiwa ya kahawia kuanzia kingoni, huku machanga ya katikati yakibaki ya kijani lakini yamedumaa. Wengi hudhani ni kiu, wakaongeza maji.

Na kwa kuwa hamkuuliza, nitawaambia: mnavu nao ni wa jamii hiyo hiyo. Nawaona watu wakikwepa nyanya kwa uangalifu mkubwa, kisha wanauacha mnavu ujiotee kando ya tuta kwa sababu ni mboga. Ung'oe, uupande kwingine. Bamia pia isipandwe tuta hilo. Na shamba lililotoka kuvunwa viazi lisipandwe stroberi kabla ya kupita misimu kadhaa ya mahindi au nafaka nyingine.

Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa kitunguu saumu hufukuza wadudu wa stroberi. Ni kweli au ni hadithi? (Lushoto)

Marahaba. Kwa sehemu ni kweli, na huu ndio mchanganyiko ninaoutetea kuliko mingine yote. Majani ya kitunguu saumu ni membamba na husimama wima, kwa hiyo hayaizibii stroberi jua. Watafiti nchini Brazil walipokipanda katikati ya stroberi walikuta utitiri, wale wadudu wadogo mno wanaofyonza majani, ukipungua. Zingatieni kwamba walipanda safu, wala hawakuchomeka punje tatu pembeni mwa tuta na kungoja miujiza.

Kuna mambo mawili ambayo wanaosifu mchanganyiko huu hawayasemi. La kwanza, sehemu kubwa ya mizizi ya stroberi iko ndani ya sentimita 15 za juu, kwa hiyo ukikisogeza kitunguu karibu mno, siku ya kukichimba utaikata mizizi hiyo. Acha sentimita 15 hadi 20, na unapovuna legeza udongo kutoka upande wa nje wa tuta. La pili, wiki za mwisho kabla ya kukomaa kitunguu saumu hutaka udongo ukauke, ilhali stroberi inayozaa haivumilii kiu hata siku chache. Mwenye mpira wa matone aupitishe upande wa stroberi na kukiweka kitunguu ukingoni. Anayemwagilia kwa keni ajifunze kuelekeza maji. Wanaodai kwamba harufu ya kitunguu huhamia kwenye tunda waonje kwanza.

Je, mnanaa unafaa? (Nairobi)

Kwenye chungu chake, ndiyo. Ukiuweka kwenye tuta, baada ya mwaka mmoja utakuwa na tuta la mnanaa.

Nataka kupanda maharage katikati ili yaongeze naitrojeni. Unashauri aina gani? (Njombe)

Sishauri aina yoyote. Naitrojeni ambayo maharage huitengeneza hutumika kwanza na maharage yenyewe, na kinachobaki huifikia mimea mingine hasa pale mizizi inapooza. Isitoshe, stroberi iliyopewa naitrojeni nyingi hutoa majani mapana ya kupendeza na matunda machache, laini, yanayoshikwa upesi na ukungu wa kijivu. Baya zaidi, maharage ni chakula kipenzi cha utitiri: maabara zinazofuga utitiri kwa ajili ya majaribio huufuga juu ya miche ya maharage. Panda maharage kabla ya stroberi, msimu mmoja mapema, uyakate usawa wa ardhi na kuiacha mizizi udongoni.

Tangu nipande vitunguu karibu, matunda yangu yanatoka yamepinda. Niving'oe? (Arusha)

Viache. Chukua tunda moja lililopinda ulitazame kwa karibu. Upande uliovimba utaona vijimbegu vikubwa vilivyotawanyika; upande uliobonyea vijimbegu ni vidogo na vimesongamana. Hivyo vidogo ni vile ambavyo havikupata chavua, na nyama ya stroberi haitanuki mahali ambapo kijimbegu hakikurutubishwa. Mara nyingi basi kinachokosekana ni nyuki, ingawa wadudu wanaofyonza maua nao huleta kilema kinachofanana na hicho. Acha giligilani chache zichanue hatua moja au mbili kutoka kwenye tuta, na kama unapulizia dawa asubuhi wakati maua yamefunguka, acha leo hii. Sielewi mtu anayenunua sumu ya wadudu kisha analalamika kwamba nyuki hawaji.

Marigodi huua minyoo fundo. Nipande mingapi kwa tuta? (Iringa)

Marigodi haihesabiwi kwa mche. Mizizi yake hutoa kemikali inayowadhuru minyoo hao wa udongoni wanaotia mizizi mafundo, lakini kazi hiyo huonekana pale inapopandwa kwa msongamano, eneo lote, kwa miezi miwili au mitatu, kabla ya stroberi kuingia. Mitatu katikati ya tuta ni pambo. Kama ni pambo unalotaka, chagua aina fupi, maana ile ndefu itaweka kivuli.

Chini ya migomba je? (Moshi)

Hapana. Stroberi inahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku, na mgomba hautaiachia maji.

Umekataa karibu kila kitu. Tupande nini basi? (Kinangop)

Letusi, pamoja na kitunguu saumu nilichokwisha kukieleza. Letusi ina mizizi mifupi na huondoka ndani ya wiki 6 hadi 8 baada ya kupandikizwa, kabla stroberi haijatanda. Spinachi tunayoilima sisi, ile yenye majani makubwa, naiweka mbali kwa sababu ya kivuli. Wakati wa masika punguza letusi, kwa kuwa konokono hujificha humo mchana na kutoka usiku kula matunda. Chochote utakachopanda, matandazo yake yasifunike kitovu cha stroberi, pale majani yanapochipukia, kwani kikizikwa kitaoza. Na unapovuna letusi, ikate shina kwa kisu. Ukiing'oa, utatoka na mizizi ya jirani yake.