Barua kwa mwanangu: lugha ya nyumbani kwetu

Louisville, Kentucky

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia. Umenieleza kwamba Ofisi ya Sensa imekuletea fomu ya uchunguzi wake wa jamii za Marekani, nawe umekwama palipoulizwa kama nyumbani kuna anayezungumza lugha isiyo Kiingereza, ni lugha gani, na Kiingereza chake kikoje. Unaniuliza kama si heri uandike kwamba kwenu ni Kiingereza tu, ili bibi yako mzee, unayeishi naye, asionekane mzigo.

Andika kweli, mwanangu. Kuzungumza Kiswahili nyumbani si kukiri kwamba hujui Kiingereza: mwaka 2019 waliozungumza lugha nyingine majumbani mwao nchini humu walikadiriwa kuwa milioni 67.8, na wengi wao walijibu kwamba Kiingereza wanakijua “vizuri sana”. Wewe ni miongoni mwao, basi jiwekee alama hapo bila kusita. Bibi yako mwekee “si vizuri”, kwa sababu ndivyo ilivyo. Kila aliye chini ya “vizuri sana” huhesabiwa kuwa huenda akahitaji msaada wa lugha, na hesabu hiyo hutazamwa na wanaopanga wakalimani na karatasi za kutafsiriwa.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka 9, tulipokuwa tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, juzijuzi tu, hospitali moja ikakutaka unikalimanie? Daktari alitaja nyongo, neno ambalo hukuwahi kulisikia kwa lugha yoyote. Ulinitazama kwa muda, kisha ukasema, “Mama, anasema una kitu kibaya tumboni.” Nilitia saini karatasi nisiyoielewa, na usiku ule ulilala umeshika pindo la kitenge changu. Sitaki mtoto mwingine wa mtaa huu atwishwe mzigo ule, na ndiyo maana nataka tuhesabiwe sote jinsi tulivyo.

Kuhusu jina la lugha, nafasi iliyopo ni ya lugha moja. Najua bibi yako husali kwa Kibembe, lugha ya kabila letu, nami nikikasirika kinanitoka chenyewe, lakini lugha ya kutwa nzima hapo kwenu ni Kiswahili, kile cha Uvira, kule Kongo, kilichookota maneno mengi kambini Kigoma. Katika majedwali mengi ya Ofisi ya Sensa, Kiswahili hujumlishwa na lugha nyingine za Afrika ya kati, mashariki na kusini. Jambo hilo linaniuma, ila tusipokiandika hata humo hakitaonekana.

Wala usihofu kwamba majibu yako yatasambazwa, kwani sheria inaikataza ofisi hiyo kutoa habari za mtu mmoja mmoja. Lakini kabla ya kumwekea bibi yako alama, muulize mwenyewe, tena kwa Kibembe ukiweza, asije akaandikiwa jibu asiloulizwa.

Mama yako