Maswali ya Wasomaji: Periyar huonekana ziwa likipungua

SWALI: Mwezi wa Agosti nitakuwa Kochi, kusini mwa India, na ninatamani kuwaona tembo wa Periyar. Jirani yangu alikwenda mwezi huohuo, akapanda boti karibu na adhuhuri, akaambulia maji na ndege wachache. Je, safari hiyo ina faida? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ina faida kubwa, ila jirani yako alikosea msimu na saa. Periyar, katika jimbo la Kerala, ni hifadhi ya kilomita za mraba 925 za msitu na nyasi za milimani. Ziwa lake limetokana na bwawa la Mullaperiyar lililokamilika mwaka 1895, na maji yake hupitishwa kwenye handaki kwenda kumwagilia mashamba ya jimbo jirani la Tamil Nadu. Ndiyo maana kina hupanda na kushuka sana. Kati ya Juni na Septemba mvua za monsuni hulijaza, ukanda wa nyasi wa kandokando huzama, na tembo hawana haja ya kushuka kwa sababu kila kijito msituni kina maji. Kuanzia Februari hadi Aprili vijito hukauka, maji ya ziwa hurudi nyuma, nyasi changa huota palipoachwa wazi, na hapo ndipo utawaona tembo, nguruwe mwitu, kulungu wakubwa waitwao sambar na gaur, yule ng'ombe mwitu mwenye miguu myeupe kama aliyevaa soksi. Chui milia wapo, na hifadhi imetengwa kwa ajili yao tangu mwaka 1978, lakini usifunge safari kwa kuwategemea. Huonekana kwa nadra sana.

Ukiweza kusogeza tarehe, sogeza. Epuka pia katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari: mahujaji wa hekalu la Sabarimala, lililomo ndani ya msitu huohuo, huijaza njia yote na vyumba vya Kumily, mji ulio langoni.

Boti chukua la kwanza asubuhi au la mwisho alasiri, kwani jua likiwa kali wanyama huingia kivulini. Tiketi ya boti na kiingilio cha lango ni malipo mawili tofauti. Fika langoni saa nzima kabla, ukiwa na pasipoti. Ndani ya boti vaa jaketi la kujiokolea mwanzo hadi mwisho, wala usihame kiti hata tembo akitokea upande wa pili. Tarehe 30 Septemba 2009 boti la Jalakanyaka lilipinduka ziwani humo, watu 45 wakafa, na abiria kujazana upande mmoja kutazama wanyama kulitajwa miongoni mwa sababu.

Sisi tungechagua chelezo cha mianzi. Ni safari ya kutwa, sehemu kwa miguu, sehemu majini, kundi dogo pamoja na waongozaji na askari wa misitu mwenye bunduki. Baadhi ya waongozaji hao zamani walivuna magome ya miti kwa magendo. Leo ujuzi wao wa njia za msituni ndio ulinzi wa msitu wenyewe. Chelezo hakina injini, kwa hiyo fisimaji hawakukimbii. Tazama pia vigogo vilivyosimama majini tangu bonde lilipofurika: ndege waitwao mbizi na minandi hukaa juu yake wakianika mbawa.

SWALI: Nasikia msitu huo una ruba wengi. Nijikinge vipi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Wakati wa mvua, ndiyo. Vaa soksi za ruba, za kitambaa kizito, juu ya suruali, uzifunge chini ya goti. Akikung'ata usimchome moto wala kummwagia chumvi, maana anaweza kutapika ndani ya kidonda. Pitisha ukucha chini ya ncha nyembamba, ulipo mdomo, kisha bandua ncha ya nyuma. Damu itaendelea kutoka kwa muda kwa sababu mate yake huizuia isigande. Osha kwa sabuni, kisha bana kwa kitambaa safi.

Na kwa kuwa unatoka Kenya: India hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.