Kliniki haina mchangiaji wa mbegu: je, nimtafute mwenyewe?

Dada yangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba una miaka 37, kwamba mume wako alipimwa akaonekana hana mbegu za uzazi, na kwamba mwaka mzima mmekuwa kwenye orodha ya kliniki bila kupata mchangiaji. Mlipompata mmoja katika benki ya mbegu ya nchi nyingine, mlikatazwa kuagiza mbegu zake kwa sababu hataki jina lake lijulikane. Sasa mwanamume uliyekutana naye mtandaoni yuko tayari kukusaidia bila kliniki, nawe unaniuliza kama kuna ubaya.

Kwa umri wako mwaka wa kusubiri si mdogo, kwa hiyo sitakuambia uvumilie tu. Canada ilipiga marufuku kumlipa mchangiaji mwaka 2004, na Uingereza hairuhusu mbegu za mtu mmoja zitumiwe na familia zaidi ya 10. Kwa masharti kama hayo wachangiaji hupungua, na wengi hulazimika kutegemea benki za Denmark na Marekani. Nami sitetei kila sharti. Lakini hilo la jina nalitetea kwa moyo wote, kwa kuwa limewekwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajazaliwa. Sweden ilimpa mtoto haki ya kumjua mchangiaji tangu mwaka 1985, na Uingereza ikafuata mwaka 2005, mtoto akishafikisha miaka 18.

Huyo wa mtandaoni ananitia hofu. Mbegu za benki hugandishwa na kuwekwa kando kwa miezi kadhaa hadi mchangiaji apimwe tena, kwa sababu maambukizi mapya ya VVU yanaweza yasionekane katika kipimo cha kwanza. Za kwake hazitapita huko. Hujui amewasaidia wanawake wangapi wengine, wala kama sheria ya mahali ulipo haitamtambua kuwa baba, mwenye haki ya kumdai mtoto. Tena, katika barua yako yote sikuona mahali panapoonyesha kwamba mume wako ana habari zake.

Anza hapo, dada. Zungumza na mumeo kabla hujamjibu mtu huyo. Kisha nendeni pamoja kwa daktari mkamuulize kama imechunguzwa iwapo mbegu zinaweza kutolewa moja kwa moja kwenye korodani, kwani wapo wanaume ambao shahawa zao hazina mbegu lakini korodani bado huzitengeneza kidogo. Ikishindikana, iombeni kliniki iwatafutie mchangiaji wa nje aliyekubali kujulikana, maana benki za Denmark zina wa aina zote mbili. Ulizeni pia kama ndugu au rafiki mnayemwamini anaweza kuchangia kupitia kliniki hiyo, akapimwa na kusaini hati zote. Mkishapata majibu, niandikie tena.