Shughuli isiyokuwa na mwenyewe

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: ukiondoa harusi, msiba na sikukuu, ni jambo gani linaloikusanya familia yenu yote chini ya paa moja? Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Cape Town, na jibu langu watu wa kwetu wakilisikia watacheka. Ni fainali ya raga. Tena si ya timu ya taifa, Springboks, ambayo hata asiyejua raga ameisikia. Nasema timu ya mkoa, Western Province, wale wa jezi ya mistari ya buluu na nyeupe, wakifika fainali ya Currie Cup.

Kwa asiyeijua Currie Cup: ni kikombe ambacho mikoa ya Afrika Kusini inakigombea tangu 1892. Mwaka mmoja kabla yake, Sir Donald Currie, tajiri wa meli, aliwapa kikombe cha dhahabu wachezaji wa Uingereza waliokuwa wakija kuzuru huku, wamkabidhi mwenyeji atakayewasumbua kuliko wengine. Wakawapa watu wa Kimberley, nao wakakitoa kishindaniwe na wote. Western Province ndio waliokichukua kwanza, na mpaka sasa wamekibeba mara 34, ukijumlisha na miaka waliyokigawana na wenzao baada ya sare. Hilo la kugawana lina ugomvi wake nyumbani kwetu, nitalifikia.

Kwa nini raga, na si sikukuu ya kuzaliwa ya mama mkwe, kwa mfano? Mimi nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu nimetoka kwenye familia ambayo haiwezi kukutana bila kamati. Harusi ya kwetu ina mwenyekiti, mweka hazina na daftari la michango. Fulani alitoa kiasi gani kwa mwanangu, nami nitoe kiasi gani kwa wake. Nani aliletewa mwaliko na nani alisikia barabarani. Nani alikalishwa mbele. Msiba nao una daftari lake, japo haliandikwi: nani alifika mazishini, nani alikuja siku ya tatu na miwani ya jua. Kila shughuli ina mwenyewe, na palipo na mwenye shughuli pana mtu wa kumnunia.

Fainali haina mwenyewe. Hakuna aliyechagua tarehe, imepangwa na watu wasiotujua. Hakuna kadi, kwa hiyo hakuna aliyesahauliwa. Mtu na mkewe waliotaka kuachana, ndugu wawili wanaodaiana gari, binti aliyekimbia nyumba kwa hasira, wote wanaweza kuingia mlangoni bila kueleza wamefuata nini. Wamefuata mpira. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Sasa nyama ananunua nani?" Nikamwambia kila mtu anakuja na yake. Akanyamaza, kisha akasema hiyo si shughuli, hiyo ni fujo. Hakukosea.

Fujo yenyewe iko hivi. Nyumba ni ya wakwe zangu, mtaa wa Athlone hapa Cape Town, na kuanzia asubuhi jikoni ni kwa wanawake wa rika la mama mkwe. Vyakula vyao nusu yake ninavijua kwa majina mengine: bajia wao wanaziita dhaltjies, sambusa ni samoesas, na akni ni wali wa nyama wa sufuria moja ambao ukinipa nimefumba macho nitakwambia ni pilau iliyosafiri. Wanaume wako uani na makaa, wanachoma nyama na kujifanya hawaoni kuwa runinga imeshawashwa. Vijana hawajali yote hayo, wao huagiza gatsby, mkate mrefu uliojazwa chipsi na nyama, unaokatwa vipande vinne. Mkate huo asili yake ni hapahapa Athlone, miaka ya sabini, na mtu wa Athlone hatakuacha uondoke bila kukwambia.

Dini haikutusumbua. Wao ni Mashafii kama sisi wa Pwani, kwa hiyo hata nyakati za swala hatukubishana. Mpira ukienda mapumziko, mkeka unatandikwa chumba cha mbele, safu inapangwa, na imamu hujulikana kuwa ni shabiki kwa urefu wa sura anayoisoma. Enzi ambazo Nizaam Carr, Mwislamu wa hapahapa mjini, alikuwa akivaa jezi ya Province, mama mkwe alikuwa akimwombea kwa jina, na mpinzani akimkaba vibaya alikuwa akimwombea na huyo pia, dua ya namna nyingine.

Mimi nilikuja sijui kitu. Mombasa kwetu ni kandanda, na raga tulikuwa tukiisikia kwa mbali, Mombasa Sports Club au kwa vijana waliosoma shule za bara. Fainali yangu ya kwanza ilikuwa ya 2012, Province wakicheza na Sharks kule Durban. Mkoa ulikuwa haujashinda kikombe hicho tangu 2001, na hata hilo sikulijua. Niliona tu watu wazima wamesimama juu ya makochi yaliyokuwa na plastiki. Walishinda 25 kwa 18, na shangazi mmoja ambaye hajawahi kunisalimia kwa zaidi ya neno moja alinikumbatia mpaka ushungi ukanidondoka. Baada ya hapo tumezoeana. Nadhani lau ningesubiri harusi ituzoeshe, mpaka leo tungekuwa kwenye "hujambo".

Miaka iliyofuata ilikuwa neema. 2013 fainali, 2014 fainali, 2015 fainali, tukapumzika mmoja, 2017 na 2018 tena. Zote zilianguka mwishoni mwa Oktoba, jua la Cape Town limeanza kurudi na watu wana hamu ya kutoka nje. 2014 tuliwafunga Lions wa Johannesburg 19 kwa 16 uwanjani Newlands, na 2015 wakatulipa kwao, 32 kwa 24. Lakini hizo nazipita haraka, kwa sababu chumvi ya familia hii iko kwenye mechi za Sharks. Mume wa wifi yangu ni mtu wa Durban. Kati ya fainali hizo sita, nne tulikutana na timu yake: 2012 na 2017 tukashinda sisi, 2013 na 2018 wakashinda wao, zote mbili Newlands, mbele ya watu wetu. Anakuja na jezi yake nyeusi, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na hapewi nyama mpaka matokeo yajulikane. Hii ni sheria. 2018, Sharks waliposhinda 17 kwa 12, aliinuka akajipakulia mwenyewe, polepole, huku kila mtu akimwangalia.

Fainali hizo mbili za mwisho zilikuwa na kisa ambacho mtu angekitunga ungemwambia amezidisha. Kocha wa Sharks alikuwa Robert du Preez, na wanawe mapacha, Dan na Jean-Luc, walikuwa wachezaji wake. Kijana wake mkubwa, naye anaitwa Robert, alikuwa namba kumi wa Western Province. 2017 kijana akaenda Durban, na mikwaju yake ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya zile pointi 33 zilizomzamisha baba yake, aliyebaki na 21. Mwaka uliofuata akahamia kwa baba, akaja Newlands na jezi ya Sharks, akatufunga sisi. Mama mkwe, ambaye sheria za skramu hazijui, kisa hicho alikielewa kuliko sisi sote. Mechi nzima ya 2017 alikuwa akiuliza mama yao amekaa upande gani. Hakuna aliyeweza kumjibu, na hadi leo naona lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyosemwa na wachambuzi siku hiyo.

Sasa nimtaje baba mkwe, maana bila yeye nitakuwa nimewapikia wali bila chumvi.

Baba mkwe hajapata kuishangilia Western Province hata siku moja. Alizaliwa Claremont, karibu na Newlands kiasi kwamba siku za mechi walikuwa wakizisikia kelele za uwanja nyumbani. Kisha ikaja sheria ya makundi ya 1950, ile iliyotenga mitaa kwa rangi za watu, na amri zake, mtaa ukatangazwa ni wa wazungu, na familia ikahamishiwa huku Cape Flats, kwenye mchanga na upepo. Uwanjani penyewe watu wa rangi yake walitengewa sehemu yao, mbali na wenzao, na timu waliyokuwa wakiitazama haikuwa na ruhusa ya kumchukua yeyote miongoni mwao. Wengi wakawa wanamshangilia mgeni, hasa All Blacks wa New Zealand. Baba mkwe ni mmoja wao na hajabadilika.

Na msidhani walikuwa watu wasio na raga yao. Walikuwa na chama chao tangu 1886, na mojawapo ya klabu za mwanzo iliitwa Arabian College, jina linalonifurahisha kila ninapolikumbuka. Jumamosi zao zilikuwa Green Point au City Park, familia nzima, na vyungu vya chakula. Ndiyo maana nasema mkusanyiko huu haukuanza na Currie Cup. Runinga imeukuta.

Vyama vya raga, vyao na vya wazungu, viliungana 1992, lakini kwenye karatasi mambo huungana upesi. Nyumbani bado kuna hesabu ya 1989. Mwaka huo, kabla ya muungano, Province walikuwa fainali Newlands dhidi ya Northern Transvaal wa Pretoria, na mdogo wake baba mkwe, ami tunayempenda wote, alikwenda kutazama kwa siri huku kaka yake akiwa kwenye mgomo wa kuisusia raga ya wazungu. Mechi ikaisha 16 kwa 16, kikombe kikagawanywa. Baba mkwe alijua siku hiyohiyo. Mpaka leo kila fainali ikifika dakika za mwisho na timu zinakaribiana, humgeukia mdogo wake na kumuuliza kama amekuja kuchukua nusu yake. Chumba kizima hucheka, na ami hucheka pia, lakini hamtazami.

Watoto waliozaliwa wanamwona Siya Kolisi akitoka Province kwenda kuwa nahodha wa taifa hawamwelewi babu yao. Hawalazimiki. Yeye anakuja, anakaa kiti chake, anamtakia ushindi yeyote anayecheza na Province, na hakuna anayemwambia abadilike. Mume wa wifi peke yake ndiye anayempigia makofi, na hata yeye akishindwa hapewi pole.

Kisha mambo yakavurugika. Newlands, uwanja uliokuwa ukichezewa tangu 1890, ulifungiwa raga mwanzoni mwa 2021. Currie Cup nayo ikaanza kuhamishwahamishwa kwenye kalenda, mwaka mmoja nusu ya kwanza, mwingine majira ya baridi, na wachezaji wakubwa wakawa wanawekwa kwa ajili ya Stormers, timu ya mji huuhuu inayocheza na za Ulaya. Oktoba ikabaki tupu. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, akatangaza siku ya familia. Akaweka tarehe, akafungua kundi la WhatsApp, akagawa nani alete nini. Mnajua kilichotokea. Nusu hawakuja. Mmoja alisema ameambiwa amechelewa, mwingine aliona amepangiwa kuleta saladi ilhali mwenzake amepangiwa nyama. Wifi alilia jikoni. Chakula kilikuwa kizuri kuliko cha fainali yoyote, na saa moja kabla ya Magharibi nyumba ilikuwa imeshafagiliwa.

Kilichotuokoa ni hao Stormers. Juni 2022 waliingia fainali ya kwanza ya ligi yao mpya, wakawafunga Bulls wa Pretoria 18 kwa 13, na makochi ya plastiki yakakanyagwa tena bila mtu kuitwa. Mechi ilikuwa Cape Town Stadium, uwanja uliojengwa kwa Kombe la Dunia la kandanda la 2010, na uko Green Point, kwenye uwanda uleule wa Jumamosi za baba mkwe. Vijana wakadhani hilo litamlainisha. Mwaka uliofuata, Mei 2023, Stormers wakarudi fainali palepale, safari hii na Munster wa Ireland, nao ni timu ya mkoa. Wakamkatia tiketi.

Alikubali kwenda. Akatoka chumbani amevaa sweta jekundu, rangi ya Munster, ambalo hakuna aliyejua amelipata wapi. Walimpakia hivyohivyo, kiti cha mbele. Munster wakashinda 19 kwa 14. Sisi tuliobaki nyumbani tulimwona akiingia mlangoni wa kwanza, wajukuu nyuma yake wameinamisha vichwa, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya akni, akajipakulia kabla ya mtu yeyote, kisha akamuuliza mume wa wifi kama Sharks wana mpango wowote wa kufika fainali mwakani.

Msomaji wenu,
Cape Town